Mbonea na Pampu ya Maji

Wapendwa, neno la leo linahusu kufarijiana. Kabla sijalifungua, nipeni masikio niwasimulie habari ya mtu mmoja. Tumwite Mbonea, na mkewe tumwite Nakiete. Waliishi huko juu Upareni, kwenye vijiji vya tangawizi, ambako barabara inapanda kwa kona mpaka masikio yanaziba.

Mbonea alikuwa na pikapu. Msifikirie hizi pikapu za siku hizi zinazowashwa kwa kubonyeza kidole. Yake ilikuwa kuukuu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kipande cha mpira, na kioo kikishuka hakipandi mpaka ukisukume kwa kiganja. Lakini mlima ilikuwa inapanda. Msimu wa tangawizi ilibeba magunia, siku nyingine ilibeba saruji na mbao, na mara moja moja ilibeba bwana na bibi harusi. Kijiji kizima kiliijua kwa mlio wake. Watoto wakiusikia kwenye kona ya mwisho walisema, "Mbonea huyo."

Mwaka huo mlio ukabadilika. Ndani ya ule mlio wa siku zote kukaingia mwingine, kitu kinakwaruza mbele huko karibu na feni, kama mtu anayesaga kokoto. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Aliyeusikia kwanza ni Nakiete.

"Baba Elieshi, gari linalia."

"Ni mkanda wa feni huo. Umechakaa."

Mbonea akafungua boneti, akaukaza mkanda, akaupaka sabuni ya mche. Kelele ikapungua, kesho yake ikarudi. Akakaza tena. Ndugu zangu, tusimcheke. Ni nani hapa ambaye hana kitu nyumbani kwake anachokikaza kila wiki, na moyoni anajua fika kwamba tatizo haliko hapo?

Sasa huyo Elieshi alikuwa binti yao, mtoto wa pekee. Walimngoja miaka mingi kabla hajaja. Alikuwa bado kidogo tu aanze darasa la kwanza. Alipenda kusafiri katikati, kati ya baba na mama, miguu yake ikining'inia mbele ya gia. Kila Mbonea alipotaka kubadilisha gia alisema, "Miguu!" na mtoto aliinyanyua miguu huku akicheka. Wakapanda na kushuka mlima wote hivyo, miguu juu, miguu chini.

Asubuhi moja Elieshi aliamka na homa kali. Alikuwa amelala vibaya usiku kucha, na kulipopambazuka hakumtambua mama yake. Wakamfunga kwenye khanga, wakamweka mapajani mwa Nakiete, Mbonea akawasha gari kuelekea hospitali iliyoko tambarare. Lakini kabla barabara haijashuka, inapanda kwanza mgongo mmoja wa mlima. Walipokuwa wanakaribia juu, mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Gari likachemka.

Wenye magari mnajua. Rejeta ikichemka huifungui. Unasimama, unangoja ipoe. Mbonea akashika dumu akakimbia kwenye mfereji ulio ukingoni mwa barabara, akarudi na maji, akasimama mbele ya gari na dumu mkononi, akingoja. Hakuna gari jingine lililopita. Mtoto alikuwa anahema kwa nguvu mle ndani. Nani anaweza kukupimia kungoja kwa namna hiyo?

Mwishowe gari likapoa, wakashuka, wakafika. Wauguzi walimpokea mbio, wakafanya walichoweza. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama siku hiyohiyo, Elieshi akafariki.

Tulifanya nini sisi watu wa Mungu? Tulifanya vizuri sana, kwa jinsi tunavyojua. Kanisa lilijaa. Kwaya iliimba. Vijana walichimba kaburi, akina mama walipika, wazee walikaa na Mbonea kwenye mabenchi. Wakamwambia, "Jikaze. Wewe ni mwanaume, mwenzio anakutazama wewe." Kina mama nao wakamwambia Nakiete, "Usilie hivyo, utaugua. Mungu atakupa mwingine." Matanga yakaanuliwa, watu wakakunja majamvi wakaenda. Na tangu siku ile, jina la Elieshi likawa kama limefungiwa kabatini. Kila mtu alilikwepa. Waliamini kwamba wanawahurumia.

Nakiete hakuweza kukaa ndani ya nyumba ile peke yake. Akamwambia mumewe, "Nitakuwa nashuka nawe." Mbonea akasema, "Sawa." Basi wakawa wanasafiri wawili, na katikati yao pameachwa wazi. Mara nyingi mkono wa Mbonea ulipogusa gia, mdomo ulifunguka wenyewe kutaka kusema lile neno. Aliufunga.

Na kelele ya mbele ikazidi. Ilikwaruza sasa asubuhi na jioni, mpaka watu wawili waliokaa kiti kimoja hawasikiani bila kupaza sauti. Waliokutana nao barabarani walipunga mikono. "Mbonea! Hiyo ni pampu ya maji! Itakuachia njiani!" Mwenye duka alimwambia. Dereva wa lori alimwambia. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alimsimamisha baada ya ibada akamwambia, "Mwanangu, tengeneza gari lako. Na tena, kazi husahaulisha."

"Ni mkanda tu, mzee," Mbonea alijibu.

Niwaambie kilichokuwa moyoni mwake. Mbonea hakuwa mjinga wa magari. Alilijua gari lile kuliko anavyojua kiganja chake. Lakini kama kelele ile ni ya mkanda, basi yaliyotokea mlimani siku ile ni bahati mbaya, gari kuukuu lilichemka kama magari makuukuu yanavyochemka. Kama ni pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, basi ilikuwa inavuja tangu wakati ule. Basi alionywa, akapaka sabuni. Basi aliyemchelewesha mtoto ni baba yake. Ndiyo maana ilikuwa lazima iwe ni mkanda. Alijilaza na neno hilo na kuamka nalo.

Na kulikuwa na jambo la pili, nalo hakulijua vizuri hata yeye. Kelele ile ilimfaa. Ndani ya kelele ile hakuna aliyemuuliza kitu.

Ikafika siku, wameshusha tangawizi sokoni, gari likapiga ukelele ambao hata kuku wa barabarani waliruka. Maji yakaanza kudondoka chini ya injini. Hapo hapakuwa na la kukaza. Alilikokota polepole mpaka kwenye gereji iliyoko kando ya mashine ya kusaga, kwa fundi mmoja Msambaa aliyeitwa Shekalaghe, mcheshi, mwenye kupenda kuongea na injini kama anaongea na mbuzi wake.

"Washa," akasema fundi. "Kanyaga. Achia. Zima, zima, usiniue masikio."

Akalegeza nati, akautoa mkanda wote. "Haya, washa tena. Kidogo tu."

Injini ikawaka. Kelele haipo. Mbonea akaruka kutoka kwenye kiti. "Si nilisema? Mkanda! Ni mkanda!"

Shekalaghe akacheka. "Taratibu, kaka. Mkanda ukitoka, vyote vinavyozungushwa nao vinasimama. Mwenye kelele ni mmoja wao. Ngoja tumkamate."

Akazungusha oltaneta, ile inayochaji betri, kwa mkono, ikazunguka laini. Akaishika feni kwa mikono miwili, akaitikisa mbele na nyuma. Gok, gok, gok.

"Unaona inavyocheza? Hii haitakiwi kucheza hata kidogo. Beringi ya pampu imekwisha. Njoo ushike mwenyewe."

Mbonea hakutaka kushika. Fundi akamvuta mkono, akamshikisha. Akaisikia ikicheza ndani ya vidole vyake.

Kisha fundi akapitisha kidole chini ya pampu, akakitoa kikiwa chekundu kwa kutu. "Chini hapa pana kitundu. Pampu ikianza kufa hutokwa machozi hapa. Na hii imelia siku nyingi, tazama ilivyochora mstari mpaka chini ya injini."

"Siku nyingi kiasi gani?"

"Aa, miezi. Kutu hii si ya jana. Wewe hukuwa ukiongeza maji, maji yanapungua, unaongeza, yanapungua?"

Mbonea aliondoka akaenda nyuma ya mashine ya kusaga, akasimama amekabili ukuta. Fundi alidhani amekwenda haja ndogo, akaendelea kupiga mluzi. Nakiete alikuwa amekaa juu ya tairi. Aliyaona mabega ya mumewe. Akanyanyuka kumfuata, akasita, akakaa tena. Alijiambia, mwanaume anataka aachwe.

Alirudi akiwa ameosha uso. Akashika spana. Wakafanya kazi wawili, na Mbonea alifanya kama mtu anayefukua. Wakamwaga maji, wakatoa rejeta, wakafungua feni na puli, wakalegeza bolti za pampu moja moja, kwani bolti za gari kuukuu ukizilazimisha zinakatika. Pampu ya zamani ikatoka. Mbonea aliikwangua gasketi iliyogandia kwenye injini kwa kisu, akakwangua hata palipokuwa pameshang'aa, mpaka fundi akamwambia, "Inatosha, kaka, utatoboa." Wakaweka pampu mpya na gasketi mpya, wakakaza bolti kwa kupishanisha ili ikae sawa, wakavalisha mkanda mpya. Wakajaza maji, wakaacha injini iungurume mpaka hewa yote ikatoka kwenye rejeta.

Shekalaghe akainua kidole juu. "Sikiliza. Sikiliza hiyo! Sasa ndani ya gari lako utasikia hata mbu akipita."

Wakashika njia ya kurudi. Tambarare ikaisha, kona zikaanza, na gari lilikuwa linapanda kwa utulivu. Mbonea alisikia magunia matupu yakipigapiga nyuma. Alisikia upepo kwenye kile kioo kibovu. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Walipoufikia ule mgongo wa mlima, karibu na mfereji, akasikia kitu kingine. Kidogo, chembamba, kinakuja na kukatika.

Akadhani ni kasoro nyingine. Akaachia mafuta, akatega sikio. Kikaendelea. Akainamia usukani, akasikiliza upande wa injini. Hakikutoka kwenye injini.

Akageuka. Nakiete alikuwa ametazama dirishani, amejiziba mdomo kwa pindo la khanga.

"Unalia," akasema Mbonea.

"Nalia kila siku tukipita hapa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Leo tu ndiyo umesikia. Ile kelele ilikuwa inanisitiri."

Mbonea akalisogeza gari pembeni, akalizima. Wapendwa, mtu aliyekimbia muda mrefu, siku akisimama, yale aliyoyakimbia humfikia yote kwa pamoja.

Akasema, akitazama usukani, "Sema basi. Sema tu kwamba ni mimi. Uliniambia gari linalia, nikapaka sabuni. Leo fundi amenionyesha kutu. Ilikuwa inavuja tangu wakati ule. Nimemwua mtoto hapa, mahali hapa, nimesimama na dumu."

Nakiete akaishusha khanga mdomoni. Alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Nani amekuambia maneno hayo?"

"Nani aniambie? Nilikuwepo."

"Baba Elieshi, nilimuuliza daktari. Siku ileile, ulipokuwa umekwenda kutafuta jeneza. Nilimuuliza, tungewahi, angepona? Akaniambia hapana. Akasema homa ilikuwa imeshaingia kwenye ubongo tangu usiku, kabla hatujatoka nyumbani. Hata tungeruka na ndege."

Mbonea akamgeukia. "Miezi yote hii ulikuwa unajua? Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ulishauliza mwenyewe. Halafu nikadhani hutaki atajwe. Tangu tumzike hujalitamka jina lake hata mara moja." Akaikunja khanga mapajani. "Hata mimi hujaniita."

"Sijakuita vipi?"

"Unaniita 'wewe'. Unaniita 'mwenzangu'. Kwaya wananiita Dada Nakiete kama msichana aliyeposwa jana. Mimi nilikuwa Mama Elieshi. Sokoni, kanisani, kisimani, Mama Elieshi. Mlipomzika mwanangu mkaondoka na jina langu pia. Nani amesema mimi si mama yake tena?"

Mbonea akafungua mdomo. Likatoka "Mama," lile la pili likakwama. Akajaribu tena, likakwama. Aliweka paji la uso kwenye usukani, na huko chini, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwake mwenyewe, likatoka. "Mama Elieshi." Kisha akalirudia jina la mtoto peke yake, akalirudia, na mtu mzima yule akalia mpaka kiti kikatikisika. Nakiete akasogea. Akakaa pale katikati.

Lori moja lilipita likipanda. Dereva akapunguza mwendo, akapaza sauti, "Vipi Mbonea, limeharibika tena?"

Nakiete ndiye aliyejibu. "Hapana. Gari ni zima."

Najua mtaniuliza, je, daktari yule alisema kweli, au alimhurumia mama mwenye maiti ya mtoto? Sijui. Na mtaniuliza, je, Mungu aliwapa mtoto mwingine kama akina mama walivyosema? Hakuwapa. Walizeeka wawili. Kilio cha Elieshi hakikuisha siku ile wala miaka iliyofuata. Sina mwisho mtamu wa kuwapa. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu siku ile walilia pamoja, na hapo mwanzo kila mmoja alikuwa analia chumba chake.

Lakini tazameni lililotokea mlimani. Mke alikuwa amebeba neno la kumfungua mumewe. Mume alikuwa amebeba jina la kumrudishia mkewe uhai. Walikaa kiti kimoja miezi mingi, bega kwa bega, kila mmoja ameshika dawa ya mwenzake, na wote wawili wanaumwa.

Sasa mnamlaumu Mbonea. Nimeona vichwa vikitikiswa huko nyuma. Tulieni kwanza. Mwenye duka aliisikia pampu. Dereva wa lori aliisikia. Mzee wa kanisa aliisikia, akamsimamisha mtu mlangoni mwa nyumba ya Mungu kumweleza habari ya chuma. Barabara nzima ilikuwa na masikio ya kusikia gari linalia. Ni nani aliyekwenda nyumbani kwa Mbonea akamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja tumkumbuke Elieshi"? Hakuna hata mmoja. Mtu yule hakunyamazishwa na kelele ya gari. Tulimnyamazisha sisi, siku ya msiba, kwa neno moja tulilolipenda sana. Tulimwambia jikaze. Akatii.

Sisi ndio wale, wapendwa. Tuna bidii ya ajabu ya kuzika, na uvivu wa ajabu wa kurudi. Tunakwenda kwa malori siku ya maziko, na mwezi wa pili hatuna nauli ya kuvuka kijito. Tunaogopa kulitaja jina la marehemu, tukidhani tutamkumbusha mama. Tumkumbushe? Kwani kuna saa aliyosahau? Bwana wetu mwenyewe alisimama kwenye kaburi la rafiki yake akalia mbele za watu, na hakumwambia mtu yeyote pale ajikaze. Sisi tumejifunza kwa nani ugumu huu?

Basi siwaombi sadaka leo. Kila mmoja wenu anaijua nyumba moja. Msiba wake umeshapoa midomoni mwa watu, majamvi yamesharudi kanisani, na wenyewe wamebaki wanatazamana. Usiseme ni ya mchungaji. Umeijua wewe, ni yako. Nenda wiki hii. Acha ushauri nyumbani, na ile methali yako uliyoiandaa iache pia. Ukifika mtaje marehemu kwa jina lake. Mwite mama kwa jina la mtoto wake. Akilia, usimpangusie machozi haraka ili wewe upumue. Na wakikuuliza umefuata nini, usitafute sababu. Waambie umekuja kukaa.